Guruguru: Mjusi Mwenye Dirii na Nyumba Yake ya Mwamba

Somo la mazingira kwa vikundi vya usharika, vijana na walimu wa shule ya Jumapili



Masomo mengi ya mazingira yanayotolewa katika sharika zetu yanahusu miti, maji na udongo. Ni jambo jema, kwa sababu anayekaa chini ya milima ya Uluguru anajua kuwa msitu ukiisha mto nao unapungua. Lakini kuna kitu kimoja cha mlimani ambacho hatukizungumzii, nacho ni jiwe. Tunaliona jiwe kama kitu kisicho na uhai, kinachongoja nyundo tu. Katika toleo hili tutajifunza habari za mnyama ambaye jiwe ndilo nyumba yake, ngome yake na jiko lake la kuotea moto. Mnyama huyo ni guruguru.

Malengo ya somo

Baada ya somo hili mwanakikundi aweze:
1. Kumtambua guruguru na kueleza maumbile yake.
2. Kueleza kwa nini mnyama mwenye magamba magumu bado anahitaji ufa wa mwamba.
3. Kutaja shughuli za binadamu zinazoharibu makazi yake, na hatua ambazo kikundi kinaweza kuchukua bila kupoteza kipato.

Guruguru ni nani?

Guruguru ni mjusi mkubwa, mnene, mwenye rangi ya kahawia au ya udongo mkavu. Aliyekomaa huweza kukaribia nusu mita ukipima kutoka puani hadi ncha ya mkia. Kichwa chake ni kifupi na kipana, na miguu yake ni mifupi lakini yenye nguvu na kucha kali. Sehemu nyingine watu hutumia jina la guruguru kwa mijusi wengine wakubwa wanaokaa mashimoni. Katika somo hili tunamzungumzia yule ambaye wataalamu wanamwita Broadleysaurus major.

Jina hilo lina historia. Mjusi huyu aliandikwa kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi na Mfaransa Duméril mwaka 1851, kutokana na mnyama aliyepatikana Zanzibar. Wakati huo aliwekwa katika kundi la Gerrhosaurus, neno linalotokana na Kigiriki, maana yake mjusi wa ngao. Mwaka 2013 wataalamu walimtenga katika kundi lake peke yake na kulipa jina la Donald Broadley, mtafiti wa nyoka na mijusi aliyefanya kazi Zimbabwe kwa miaka mingi, na ambaye alifariki mwaka 2016.

Guruguru si wa Tanzania peke yake. Anapatikana kuanzia Ghana na Togo upande wa magharibi hadi Eritrea, na kushuka kusini hadi Afrika Kusini. Hapa kwetu yumo katika mbuga, miombo na vichaka vya nchi kavu. Usimtafute kileleni Lupanga au Kimhandu kwenye msitu wa ukungu na baridi. Yeye ni mkazi wa chini: miteremko ya chini iliyo kavu, vilima vya mawe, na tambarare zenye vichuguu.

Dirii yake

Mtume Paulo alipowaandikia Waefeso juu ya silaha za Mungu alitaja dirii na ngao. Ukimtazama guruguru kwa karibu utaona dirii halisi. Magamba yake hayakupangwa kama ya mjusi wa ukutani, ambaye ngozi yake ni laini. Ni ya pembe nne, magumu, yenye mstari ulioinuka katikati, nayo yamepangwa safu kwa safu kuuzunguka mwili kama vigae vilivyopangwa juu ya paa. Chini ya magamba hayo kuna vibamba vidogo vya mfupa vilivyoota ndani ya ngozi. Kwa hiyo anayemng'ata guruguru hakutani na ngozi, anakutana na mfupa.

Lakini dirii ya namna hiyo ina shida yake. Mtu akivaa sanduku la chuma hawezi kupumua vizuri, wala kushiba, wala kubeba mimba. Kwa guruguru jambo hili limetatuliwa kwa namna ya ajabu. Ubavuni, kutoka shingoni hadi karibu na mguu wa nyuma, kuna mkunjo mrefu wa ngozi laini yenye magamba madogo sana. Mkunjo huu hufanya kazi kama marinda ya sketi. Guruguru anapovuta pumzi, anaposhiba au jike anapojaa mayai, mkunjo hufunguka na mwili hupanuka. Anapotoa pumzi, hujifunga tena.

Shida ya pili ni uzito, kwani dirii hailetwi bure. Watafiti walipopima mbio za mijusi wa jamii iliyo ndugu na guruguru, walikuta kuwa wenye dirii nzito hukimbia polepole kuliko wenye dirii nyepesi. Mnyama wa namna hii hawezi kutegemea mbio za masafa marefu. Lazima awe na mahali pa kukimbilia, tena pawe karibu.

Nyumba yake

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Ukipita kando ya jabali utaona ufa mwembamba usio na maana yoyote. Kwa guruguru huo ufa ni nyumba iliyokamilika.

Anapoona hatari, hukimbia moja kwa moja hadi kwenye ufa wake na kuingia ndani. Humo huvuta pumzi na kujaza mapafu. Ule mkunjo wa ubavuni hufunguka, mwili hupanuka, na magamba yake yenye kukwaruza hujikaza kwenye kuta za mwamba juu na chini. Hapo hata ukiuona mkia wake huwezi kumvuta. Mwewe hawezi, nguchiro hawezi, na mara nyingi hata mtu mwenye kijiti hawezi. Kama mijusi wengi, mkia wake ukivutwa sana unaweza kukatika. Ataota mwingine, ila hautakuwa sawasawa na ule wa kwanza.

Tuangalie jambo hili vizuri, kwa kuwa ndilo kiini cha somo. Dirii ya guruguru haifanyi kazi peke yake. Magamba yanahitaji ukuta wa kujikazia, na pumzi inahitaji ufa wenye kipimo kinachofaa. Ufa ukiwa mpana mno hawezi kujikaza, na ukiwa mwembamba mno hawezi kuingia. Mtoe guruguru mwambani umweke uwanjani, na dirii yote ile itamsaidia kwa dakika chache tu. Kwa maneno mengine, dirii ni ya safarini lakini mwamba ndio nyumbani.

Mwamba humsaidia pia kwa joto. Guruguru, kama mijusi wote, hatengenezi joto la mwili kama sisi. Hulipata kutoka juani na kutoka kwenye jiwe. Asubuhi hutoka taratibu na kulala juu ya jiwe mpaka mwili upate moto wa kutosha kukimbia na kumeng'enya chakula. Mchana jua likiwa kali hurudi kwenye ufa, ambako kuna ubaridi. Usiku jiwe bado limetunza joto la mchana. Jiwe moja linafanya kazi ya jiko na ya kivuli.

Mahali pasipo na majabali guruguru hukaa katika vichuguu vikuukuu vilivyoachwa na mchwa, au katika mashimo. Kichuguu nacho kina kuta ngumu, na ndani yake joto halipandi wala kushuka haraka.

Chakula na uzazi

Guruguru hutembea mchana. Hula panzi, mende, jongoo na wadudu wengine, na mara nyingine mijusi wadogo kuliko yeye. Tofauti na mijusi wengi, yeye hula pia maua na matunda laini yaliyoanguka chini. Mkulima asidhani kwamba guruguru atamaliza panzi wote wa shamba, maana huko ni kumsifu kupita kiasi. Lakini yeye ni mmoja wa walinzi wengi wadogo wanaosaidiana kupunguza wadudu, na yeye mwenyewe ni chakula cha ndege wakubwa na nyoka. Ukimwondoa, kamba moja ya wavu imekatika.

Jike hutaga mayai machache, kwa kawaida hayafiki kumi, katika udongo wenye unyevu chini ya jiwe au gogo, au mahali pengine palipofichika. Akiepuka maadui huweza kuishi miaka mingi. Hapa pana hesabu ya kufikiriwa. Panya akiuawa leo, nafasi yake hujazwa baada ya wiki chache. Mnyama anayetaga mayai machache akipotea katika kilima kimoja, kilima hicho huweza kukaa miaka mingi bila guruguru mwingine, hasa kama kimezungukwa na mashamba na nyumba pande zote.

Ndugu zake wenye pingili

Guruguru ana ndugu wanaofanana naye kwa dirii, jamii ambayo kitaalamu huitwa Cordylidae. Tuwaite mijusi wa pingili, kwa sababu mkia wao umezungukwa na pete za magamba yenye miiba, pingili kwa pingili kama muwa. Wako takriban aina 70, na wote ni wa bara letu la Afrika. Hakuna bara lingine lenye mijusi hawa porini.

Tanzania tunao kadhaa. Mmoja huishi katika misitu na miombo ya mashariki mwa nchi, naye hujificha chini ya magome ya miti mikavu kuliko kwenye mawe. Mwingine ana jina la Ukinga, katika nyanda za juu kusini. Mwingine tena hukaa katika nyufa za mawe kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya. Huyu alitambulishwa kwa sayansi mwaka 2002 na Broadley pamoja na William Branch. Maana yake mawe ya nchi yetu yalikuwa bado yana siri ambazo wataalamu hawajazigundua hata baada ya mwaka 2000.

Mijusi wa pingili wengi hawatagi mayai. Huzaa watoto hai, tena wachache sana kwa uzazi mmoja. Wa ajabu kuliko wote yuko Afrika Kusini, naye huitwa Ouroborus cataphractus. Akikamatwa mbali na ufa wake hujiviringisha, akauma mkia wake mwenyewe, akawa pete ya miiba yenye tumbo laini ndani. Angalia tena: hufanya hivyo akiwa mbali na ufa. Akiwa karibu na mwamba hukimbilia mwambani. Hata yeye, mwenye dirii kali kuliko wote, anajua kuwa mwamba ni bora kuliko miiba.

Morogoro katika historia ya elimu hii

Wengine hudhani elimu ya mijusi ni jambo la mbali, la Ulaya na Marekani. Kumbe sehemu ya elimu hiyo ilianzia mkoani kwetu. Mwingereza Arthur Loveridge, aliyekuwa afisa msaidizi wa wanyamapori, aliishi Kilosa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1924 alijiunga na jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kisha akarudi kufanya utafiti katika milima yetu. Mwaka 1928 yeye na Thomas Barbour walichapisha kitabu kinacholinganisha wanyama watambaao na vyura wa Uluguru na wa Usambara. Kazi yao ilionyesha kwamba milima hii miwili, ingawa si mbali sana, ina viumbe wanaotofautiana.

Leo Uluguru inajulikana duniani kama sehemu ya safu ya Milima ya Tao la Mashariki, na ina mimea, vyura na vinyonga wasiopatikana mahali pengine popote. Mwaka 2008 serikali ilitangaza msitu wake kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Tunashukuru kwa hilo. Lakini mpaka wa hifadhi unalinda msitu wa juu, na guruguru hakai huko. Vilima vya mawe vya chini, vilivyo katikati ya vijiji na mashamba, havina mlinzi mwingine isipokuwa sisi wenyewe.

Hatari zinazomkabili

Tuseme ukweli: guruguru hajafika hatua ya kutoweka duniani. Eneo lake ni kubwa. Hatari yake ni ya kupotea kilima kimoja baada ya kingine, kimyakimya, mpaka watoto wa eneo fulani wamjue kwa jina tu. Sababu ni hizi zifuatazo.

1. Kuponda kokoto na kuchimba mawe. Ujenzi umeongezeka na mawe yanahitajika. Mama anayeponda kokoto kando ya barabara hafanyi hivyo kwa kupenda. Anatafuta ada ya mtoto na unga wa jioni, na hatuwezi kumhukumu. Lakini tujue kinachotokea. Mawe yanayotafutwa kwanza ni yale yaliyokwisha kupasuka kwa tabaka, kwa sababu yanabanduka kirahisi kwa mtaimbo. Na hayo hayo ndiyo yenye nyufa za guruguru. Kwa hiyo nyumba zake huondoka kabla hata nusu ya kilima haijaguswa.

2. Kubomoa vichuguu. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa matofali na kwa kusiriba. Kichuguu kikuukuu kinapobomolewa, mara nyingi kinabomolewa pamoja na wakazi wake.

3. Moto. Moto unaowashwa kusafisha shamba au kuwinda huteketeza nyasi na wadudu kuzunguka mawe. Guruguru huweza kuokoka ndani ya ufa, lakini akitoka hakuti chakula wala kificho.

4. Biashara ya wanyama hai. Kwa miaka mingi mijusi wa Tanzania walisafirishwa nje kuuzwa kama wanyama wa kufugwa majumbani. Mijusi wa pingili wamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ujulikanao kama CITES. Machi 2016 serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Juni 2022 lilitolewa tangazo la kuruhusu tena kwa muda, nalo likasitishwa ndani ya siku chache baada ya wananchi kulalamika. Aidha Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukamata mnyamapori bila kibali.

5. Hofu. Wapo wanaoamini kuwa guruguru ana sumu. Si kweli. Afrika Mashariki haina mjusi hata mmoja ambaye sumu yake inaweza kumdhuru binadamu. Guruguru akishikwa anaweza kung'ata na kukwaruza kwa kucha, kama afanyavyo paka. Asiposhikwa, hana ugomvi na mtu.

Fundisho kutoka kwa jirani yake

Kama kuna anayefikiri tunatia chumvi kuhusu nyufa, ajifunze kwa kobe bapa, ambaye wengine humwita kobe chapati. Kobe huyu wa Tanzania na Kenya, anayepatikana pia sehemu ya Zambia, hana gamba gumu la mviringo kama kobe wengine. Gamba lake ni jembamba na laini, naye hutegemea kukimbia na kujipenyeza katika ufa wa mwamba. Jike kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa wakati mmoja.

Wanunuzi wa nje walimpenda kwa umbo lake. Wakusanyaji walikwenda vilimani na kubandua mawe ili kumpata. Kobe aliyechukuliwa ni hasara ya kwanza, lakini ufa uliovunjwa ni hasara ya pili na kubwa zaidi, kwa sababu hata akiletwa kobe mwingine hana pa kukaa. Tathmini ya watafiti Klemens na Moll iliyochapishwa mwaka 1995 ilionyesha jinsi ukusanyaji ulivyokuwa umewapunguza sana katika baadhi ya maeneo ya Tanzania. Mwaka 2019 kobe huyu aliingizwa katika daraja la juu kabisa la ulinzi wa CITES. Ulinzi wa karatasi umepatikana, lakini ufa uliobanduliwa haurudi kwa saini.

Mti ukikatwa tunaweza kupanda mwingine, na vikundi vyetu vina vitalu vya miche. Hakuna kitalu cha nyufa. Ufa mmoja umetengenezwa na jua, baridi, mvua na mizizi kwa muda mrefu kuliko historia ya kijiji chochote.

Neno la Mungu linatufundisha nini?

Soma Zaburi 104 yote. Mwandishi anapotaja kazi za Mungu hataji binadamu peke yake. Anataja ndege na miti yao, simba na pango lake, na wibari, ambao wengi wetu tunawaita pimbi au pelele, pamoja na majabali wanayokimbilia. Kila kiumbe kimetajwa na makazi yake. Mungu hakuumba mnyama akamwacha bila nyumba.

Soma tena Mithali 30:24-28. Hapo wibari na mjusi wamewekwa kati ya viumbe wanne wadogo wenye akili. Wibari anasifiwa si kwa nguvu zake bali kwa kuchagua mahali pa kukaa. Anajua kuwa ni dhaifu, kwa hiyo anajenga kwenye mwamba. Guruguru, ingawa amevaa dirii, anafanya vivyo hivyo. Nasi tunaomwita Mungu mwamba na ngome yetu tunajua maana yake: silaha tulizovaa hazitoshi bila kimbilio.

Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapoeleza kifungu cha Imani kinachohusu uumbaji, anaanza kwa kukiri kwamba Mungu amemuumba yeye pamoja na viumbe vyote. Neno "pamoja" ndilo la kushika. Sisi na guruguru tumetoka katika mkono mmoja. Tumepewa akili ya kutumia jiwe, naye amepewa ufa. Mwenye akili ndiye atakayeulizwa.

Kikundi kifanye nini?

Hatuleti somo la kumzuia mtu kula. Hatua zifuatazo zinawezekana bila kufunga kazi ya kokoto:

1. Maliza machimbo yaliyokwisha kufunguliwa kabla ya kufungua jabali jipya. Kumbukeni pia kuwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inadai leseni hata kwa mawe ya ujenzi. Kikundi kilicho na leseni na mipaka inayojulikana huweza kupanga kazi, lakini mtu mmoja mmoja hawezi.

2. Kabla ya kuanza, zungukeni kilima na kutia alama ya chokaa kwenye sehemu yenye nyufa nyingi za mlalo. Sehemu hiyo iachwe. Mara nyingi ni sehemu ndogo ya kilima chote.

3. Msimwage kifusi kwenye nyufa. Tengeni mahali pamoja pa kifusi.

4. Acheni vichuguu vikuukuu vyenye matundu makubwa. Chukueni udongo wa matofali mahali pengine.

5. Fyekeni nyasi kuzunguka mawe kwa mkono badala ya kuchoma. Pale ambapo moto hauepukiki, pateni kibali cha serikali ya kijiji, chomeni mapema kabla nyasi hazijakauka kabisa, na tengenezeni njia ya kuzuia moto.

6. Waelimisheni watoto wasimpige mawe guruguru. Mtu yeyote akija kijijini kununua mijusi au kobe, toeni taarifa kwa serikali ya kijiji au kwa afisa wanyamapori.

Zoezi la nje

Chagueni kilima kimoja cha mawe kilicho karibu. Nendeni asubuhi kati ya saa tatu na saa tano, siku ya jua. Kaeni kimya umbali wa hatua ishirini kwa muda wa nusu saa. Andikeni: ni mijusi wangapi wameonekana, walikuwa juu ya jiwe la namna gani, na waliposhtuka walikimbilia wapi. Rudini mahali palepale baada ya miezi mitatu na mlinganishe. Daftari hilo litunzwe na katibu wa kikundi, kwa kuwa kumbukumbu ya miaka mitano ina thamani kubwa kuliko maneno mengi.

Tahadhari: mtu yeyote asiingize mkono katika ufa au tundu la kichuguu. Nyoka na nge nao hukaa humo. Msimkamate guruguru, na aliyegusa mnyama yeyote atambaaye anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini dirii ya guruguru haimtoshi bila ufa wa mwamba?
2. Kuna tofauti gani kati ya hasara ya kukata mti na hasara ya kubandua jabali?
3. Katika kijiji chetu, ni kilima kipi cha mawe ambacho wazee wanakumbuka na sasa hakipo? Ni viumbe gani walikuwapo?
4. Familia zinazotegemea kokoto zitasaidiwaje ili hatua ya 1 na ya 2 zitekelezeke? Nani atoe nini?
5. Someni Zaburi 104 na Mithali 30:24-28. Kama mwandishi angeishi Morogoro, angetaja viumbe gani na makazi gani?

Hitimisho

Ndugu wapendwa, swali la nne ndilo gumu, na tunaomba lisiachwe. Kikundi kitakachokubaliana hata sehemu moja ya kilima kimoja iachwe, kiandike uamuzi huo katika kitabu cha mikutano, kionyeshe mipaka, na kiuwasilishe kwa serikali ya kijiji na kwa baraza la wazee wa usharika. Uamuzi ulioandikwa ndio utakaosimama siku lori la mawe litakapofika na fedha taslimu mkononi.

Mungu awabariki mnapotunza kazi ya mikono yake.